Sura ya Nne: Vijiko Vinane vya Kahawa

"Taa ya swichi inawaka, afande, lakini yenyewe ni baridi kama maiti," alisema Konstebo Rautio, kisha akakumbuka yuko jikoni mwa nani, akafunga mdomo.

Raili Hyvönen hakumkemea. Alikuwa ameinama mbele ya mashine ya kahawa ya marehemu, mikono mgongoni, akiikagua bila kuigusa. Miaka ishirini na sita ya upelelezi ilimfundisha kwamba ndani ya nyumba ya mtu aliyekufa, kitu kibovu lazima kiulizwe kiliharibika lini. Rautio, mwenye miaka miwili tu kazini, alikuwa ameandika katika ripoti yake: "Mashine ya kahawa mbovu, haihusiani." Neno hilo la mwisho ndilo lililomtoa Raili mjini na kumleta kilomita sabini juu ya barabara ya barafu, asubuhi hiyo ya Jumatatu.

Mengine yote yalijulikana. Arvi Kemppainen, mkata magogo mstaafu wa miaka sabini na tisa, aliyefiwa na mke na asiye na mtoto, alikutwa Alhamisi asubuhi amelala kwenye njia ya chemchemi, nyuma ya sauna yake, kibanda cha kuogea kwa mvuke. Nyonga ilikuwa imevunjika. Ndoo ilikuwa imepinduka kando yake na maji yake yameganda njiani. Baridi ya digrii ishirini na mbili chini ya sifuri ndiyo iliyomaliza kazi, tena bila haraka: daktari alikadiria kwamba mzee alianguka Jumatano alasiri na kukata roho baada ya saa mbili usiku. Kwa maneno mengine, mtu angemwona saa kumi na mbili jioni, Arvi angekuwa hospitalini leo akilalamikia chakula.

Na saa kumi na mbili jioni mtu alifika. Muuguzi wa nyumbani, Jonna Piirainen, alileta dawa za jioni, akafika mpaka ngazini, akageuza gari akaenda zake. Alisema alikuta ufagio umeegemezwa mlangoni. Huku mkoani Kainuu ufagio mlangoni ni kufuli tosha: mwenye nyumba hayupo, na mtu mwenye adabu hata kitasa hakigusi.

"Ufagio huo kauota," Rautio alisema. Alilisema hilo mbele ya Jonna mwenyewe, aliyekuwa ameketi kwenye benchi kando ya jiko la kuni, koti bado mwilini. "Nani anaweka ufagio mlangoni akienda kuchota maji hatua sitini? Hakuja, au alikuja akaona uvivu kushuka garini."

"Nilishuka," alisema Jonna. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na usingizi ulikuwa umempa kisogo tangu Alhamisi. Ijumaa walimsimamisha kazi. Leo saa tisa alasiri mwendesha mashtaka alitaka jibu la Raili, na jibu likiwa la Rautio, Jonna angeshtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. "Nilishuka, nikaona ufagio, nikaona na taa zimezimwa. Nikasema huenda kapelekwa kanisani kwenye chakula cha wazee. Mara nne sasa nasema hivyo hivyo. Mnataka niseme mpaka maneno yageuke?"

"Asubuhi yake uliingia," alisema Raili.

"Ufagio ulikuwa palepale, na bomba la jiko halitoi moshi. Arvi kutowasha jiko asubuhi? Nikautupa kando, nikaingia."

"Ukaona nini kwanza?"

"Taa nyekundu ya mashine hiyo. Na vikombe viwili mezani." Akafikiri. "Nilipomkuta kule nyuma nikapiga simu, nikarudi ndani kungoja gari la wagonjwa. Nikataka kuwatilia watu kahawa. Unafanya nini kingine ukiwa unangoja? Tangi lilikuwa kavu kabisa. Nikatia maji. Sikusikia hata mvumo. Nikaizima."

Rautio akaguna. "Vikombe viwili. Kwa hiyo Jumatano mlikunywa wote, ukasahau kuandika?"

"Konstebo," alisema Raili, "vikombe ni visafi. Na kahawa ilitokea wapi, kwenye mashine isiyochemka? Nipe redio ile."

Alichomeka redio ya marehemu kwenye soketi ya mashine. Mtangazaji akaanza kusoma hali ya hewa ya kaskazini kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, Raili akaizima. Soketi ilikuwa nzima. Akaurudisha waya wa mashine mahali pake, taa nyekundu ikawaka tena, akaweka kiganja kwenye bati la kupashia jagi. Wakasubiri dakika tatu nzima. Bati lilibaki baridi.

"Chokaa imeziba bomba," alisema Rautio, ambaye mama yake aliisafisha mashine ya nyumbani kwa siki kila Krismasi.

"Bomba likiziba maji hayapandi, lakini bati linapata moto. Hapa hita moja inapasha vyote viwili, maji na bati. Vyote vimekufa pamoja, ina maana umeme unafika kwenye swichi, haufiki kwenye hita. Bisibisi."

Akamwaga maji ya tangi kwenye sinki. Yalitoka na rangi ya chai nyepesi. Kisha akafungua chujio. Karatasi ilikuwa ndani, imejaa kahawa ya unga, kavu, haijaguswa hata na tone. Raili hakuimwaga. Alitandaza gazeti, akachukua kijiko cha Arvi cha kupimia kilichokuwa ndani ya kopo, akaanza kuhamisha kahawa kijiko kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti ya chini. Alifika vinane.

"Alikuwa anatia vingapi?" akamuuliza Jonna.

"Vinne. Siku zote vinne, vikombe vyake viwili vya asubuhi na changu kimoja. Mara tu anapomaliza chakula cha mchana anatia kahawa na maji kwa ajili ya kesho, basi hapo mashine inangoja kubonyezwa. Alisema mama yake alifanya hivyo hivyo na birika, na aliyeamka wa kwanza aliwasha." Jonna alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Vinane sijawahi kuona."

"Na maji ya chemchemi? Alikuwa anayanywa kila siku?"

"Wapi! Ya bomba, haya haya yenye kutu. Mimi alinitilia ya bomba miaka mitatu. Alisema anayeleta vidonge hastahili zaidi." Akatabasamu kidogo, na tabasamu likazimika. "Chemchemi ilikuwa ya Krismasi na wageni. Nyonga yake mbovu, nilimkataza kabisa kwenda huko."

Raili aliandika hayo yote. Kisha akaipindua mashine juu ya gazeti la pili na kufungua skrubu nne. Ilikuwa mashine kuukuu, ya enzi ambayo vitu havikujizima vyenyewe, na chini ya bati hita yake ilijikunja kama kiatu cha farasi. Pembeni yake, ndani ya kifuko cha kuzuia moto, kulikuwa na fyuzi ya joto, kitu kidogo kisichofika ukubwa wa punje ya mchele mrefu. Rautio alishika ncha za testa ya kupimia umeme. Kwenye waya, sindano iliruka. Kwenye swichi, iliruka. Kwenye hita yenyewe, iliruka. Kwenye fyuzi haikutikisika.

"Imekatika," Raili alisema. "Nusa."

Rautio akanusa. "Kuungua."

"Fyuzi hii inakatika kwa jambo moja, joto kupita kiasi. Na joto linapita kiasi mtu akiwasha mashine tupu, bila maji. Thermostati ya mashine changa, ile inayopima joto, ingewahi kuizima. Hii imechoka."

"Basi aliiwasha Jonna Alhamisi, tangi likiwa kavu, ikaungua. Anasema aliikuta inawaka. Anasema."

Lilikuwa pingamizi la haki, na Raili alimheshimu zaidi kwa kulitoa. Fyuzi husema nini kilitokea, haisemi saa ngapi. Lakini kwenye ukuta wa ukumbi kulikuwa na kitu kinachojua saa. Akapiga simu kwa kampuni ya umeme, akasoma namba ya mita, akangoja huku mwanamke wa upande wa pili akitafuna kitu na kubonyeza vitufe.

"Mita zetu zinaandika kila robo saa," alisema mwanamke. "Nyumba hiyo inakula umeme kidogo sana, afande."

"Inapashwa moto kwa kuni. Jumatano alasiri."

"Friji na taa, friji na taa… hapa. Kati ya saa kumi kasorobo na saa kumi, umepanda ghafla. Kitu chenye nguvu kimewaka dakika nne hivi, kikafa. Baada ya hapo ni friji na taa. Kuanzia saa kumi na nusu ni friji peke yake."

"Na Alhamisi asubuhi?"

"Taa. Hakuna kikubwa."

Raili akashukuru, akakata simu, akamgeukia Rautio. "Jumatano kati ya saa kumi kasorobo na saa kumi Jonna alikuwa wapi?"

Rautio hakuhitaji daftari. Yeye mwenyewe ndiye aliyekagua simu ya kazi ya Jonna. "Ylikylä, kwa bibi mwenye kidonda cha mguu. Kilomita hamsini." Akakuna kidevu. "Basi mzee mwenyewe. Alisahau maji. Umri ule, afande."

"Alisahau maji, kisha akachukua ndoo akaenda kuyachota? Sawa. Akarudi kutoka wapi kuzima taa saa kumi na nusu, nyonga ikiwa imevunjika?"

Rautio akaitazama swichi ya taa ukutani.

"Mtu aliingia humu," Raili alisema, "Arvi akiwa ameshatoka. Hakufungua kifuniko kutazama maji. Mgeni angetazama. Mwizi hapiki kahawa. Huyu alibonyeza tu, kama mtu anayejua kwamba katika nyumba hii mashine hungoja kubonyezwa. Akakaa nusu saa na zaidi, akazima taa, akaegemeza ufagio. Jonna hakuota kitu. Nani mwingine alikulia kwenye birika la mama huyo?"

Jonna alikuwa amesimama. "Tauno," alisema. "Kaka yake. Yuko ng'ambo ya ziwa. Lakini haiwezekani, afande. Hawajasemeshana miaka kumi na moja, tangu mmoja alipokata msonobari wa mpaka wa misitu yao. Arvi alikuwa hata jina halitamki. Alikuwa anasema 'yule wa kule'."

Raili akaenda dirishani. Juu ya meza, vikombe viwili vyembamba vyenye ukingo wa dhahabu vilikuwa bado kwenye visahani vyake. Nje, ziwa lilikuwa limelala jeupe kutoka gati la Arvi mpaka ufuko wa pili, na kwenye ufuko huo kulikuwa na nyumba moja tu inayotoa moshi. Alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita na robo.

"Vaa kofia," alimwambia Rautio. "Tunavuka kwa miguu. Nataka kupima dakika."

Zilikuwa dakika ishirini na tatu. Njiani Rautio alitaka kujua kama wanakwenda kumkamata mtu aliyemwacha ndugu yake afe, na Raili akamwambia ahifadhi pumzi. Yeye pia alikuwa na swali hilo, na hakulipenda.

Kando ya ngazi za Tauno Kemppainen kilisimama kigari cha theluji, kile cha kusukuma kwa mguu, na kwenye mshikio wake ilining'inia taa ya kuvaa kichwani. Ufagio ulikuwa pembeni, mbali na mlango. Mzee alikuwa nyumbani.

"Ingieni!" alipaza sauti kabla hawajabisha. Alikuwa mrefu, wa miaka themanini na mitatu, na usikivu wake aliuacha kwenye kelele za msumeno wa magogo, kwa hiyo alizungumza na kila mtu kana kwamba wako msituni. "Kahawa iko motoni. Wewe ni wa akina Hyvönen gani?"

"Wa Saarivaara."

"Babako aliniuzia farasi kipofu."

"Alisema ulijua."

"Nilijua," alisema Tauno, akaweka vikombe vitatu. Wakaketi. Raili alikunywa nusu kikombe kwanza, kwa sababu huku hakuna neno la maana linalosemwa kabla ya hapo.

"Pole kwa mdogo wako, mzee Tauno."

"Mchungaji alinipigia simu. Alisema ameteleza asubuhi."

"Alikutwa asubuhi. Jumatano ulivuka ziwa."

"Nilivuka."

"Mbona hukusema?" Rautio aliuliza.

"Nani aliniuliza? Na ningesema nini, kwamba nilifukuzwa?" Mzee alizungusha kikombe mezani. "Miaka kumi na moja natazama moshi wake kila asubuhi, najifanya sioni. Nikachoka. Nikachukua kigari nikaenda. Giza lilikuwa limeingia, nikavaa taa. Nafika, mlango hauna ufagio, taa inawaka, mtu hayupo. Mezani vikombe vya mama. Mashine imetiwa kahawa. Nikabonyeza. Nikasema akirudi aikute tayari, tuwe na kitu cha kushika mikononi, maana maneno yangetushinda. Ikanuka moto, haikutoa hata tone. Nikaiacha hivyo, nikaketi. Nusu saa hivi, na zaidi kidogo. Ndipo nikaelewa."

"Ukaelewa nini?"

"Kwamba aliniona nikija, akatokea mlango wa nyuma. Na vikombe vya mama vilikuwa vya mgeni mwingine, mtu wa maana. Nikazima taa, nikaweka ufagio, nikarudi kwangu."

"Kwa nini ufagio?"

Tauno alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua kofia kanisani. "Nyumba ya watu, mwenyewe hayupo. Ningeweka nini, jiwe?"

Rautio aliinamisha kichwa. Raili alitamani sana dakika hiyo awe anazungumza na muuaji. Muuaji angekuwa rahisi zaidi.

"Mzee Tauno, taa yako ya kichwani ukiwa unavuka, mtu aliye kwenye dirisha la jikoni la Arvi anaiona?"

"Tangu ninapotoka gatini. Hakuna nyingine ziwani."

"Kuvuka ni dakika ishirini na tatu kwa miguu. Kwa kigari?"

"Kwa umri wangu, ni hizo hizo."

"Arvi alikuwa anatia vijiko vinne kila siku. Jumatano alivimwaga akatia vinane, au aliongeza vinne, sijui. Akatoa vikombe vya mama. Maji ya bomba aliyamwaga, mashine ikabaki tupu. Alikutwa na ndoo kwenye njia ya chemchemi. Muuguzi wake anasema maji ya chemchemi yalikuwa ya wageni tu." Raili alizungumza polepole na kwa sauti, kila neno lisikike, kwa sababu hakutaka kulazimika kulirudia. "Hakukukimbia. Alikuona ukija, akaenda kukuchotea maji."

Mzee alikisukuma kikombe chake mbali. Mkono wake ulibaki juu ya meza kando ya kikombe.

"Ya bomba yangetosha," alisema hatimaye. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mpumbavu yule. Ya bomba yangenitosha kabisa." Kisha akauliza, "Aliita?"

"Daktari hawezi kujua."

"Mimi naweza," alisema Tauno, akagusa sikio lake. "Angeita. Arvi tangu utotoni alikuwa wa kuita."

Raili hakumpa faraja ambayo hakuwa nayo. Alibaki na moja la kusema, na lilikuwa zito kuliko yote, na kazi ni kazi. "Muuguzi alifika saa kumi na mbili. Arvi alikuwa bado hai. Muuguzi aliuona ufagio, akarudi. Leo saa tisa wanataka kumshtaki, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba ufagio ulikuwepo."

Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anamtazama Rautio, aliyekuwa na daftari gotini na kalamu isiyosogea.

"Andika, kijana. Andika ufagio niliuweka mimi, Tauno Kemppainen, kwa mkono wangu. Andika na saa. Binti wa watu alifanya adabu, hana kosa. Nionyeshe pa kutia saini."

Akatia saini. Raili akampigia mwendesha mashtaka palepale, ikiwa bado saa saba na nusu, akamsomea maneno hayo, na kusikia kalamu ya upande wa pili ikikata jina la Jonna. Kuhusu mzee, mwendesha mashtaka alisema, sheria haina kifungu cha kuweka ufagio mlangoni. Raili alijibu kwamba anajua.

"Nataka kupaona," Tauno alisema. "Pale kwenye chemchemi."

Wakamsubiri avae. Alitoka wa mwisho, akavuta mlango nyuma yake, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ufagio, kama ulivyokwenda miaka themanini. Aliuinua. Akasimama nao mbele ya mlango wake, na polisi wawili wakatazama pembeni.

Kisha akashuka ngazi, akautupa kwenye rundo la kuni, na kuuacha mlango hivyo hivyo, yeyote apitaye aingie.